Nyayo Zilipoishia

Andranomavo, 14 Machi 1988

Dada Soanirina,

Tunakusalimu wote wa nyumba hii: Mama, Baovola mke wangu, na mimi nduguyo. Tungali hai, na mwaka huu hilo si neno la kujazia barua tu. Jicho la kushoto la Mama limefunga kabisa. La kulia anasema linamtosha kuona ubaya wa mapishi ya Baovola. Baovola ana mimba ya miezi sita, na kila anachopika anakilia nusu jikoni. Mpunga umepata maji ya kutosha.

Habari mbaya labda umeshaisikia kwa Kotobe dereva. Mwezi uliopita wezi wa ng'ombe walitufikia, mchana kweupe, watu ishirini na kitu, wakiwa na bunduki nne. Mjomba Relaha alikuwa malishoni. Walimpiga risasi ya tumbo, kisha wakalipitisha kundi zima juu yake, ng'ombe thelathini na mmoja. Hatukumwinua, tulimkusanya. Tumemvika shuka tatu na kumlaza kaburini kwa babu. Tuliwafuata kwa siku mbili, wanaume arobaini. Mambo yakaisha. Ng'ombe kumi na tisa walipatikana baadaye.

Sasa neno lenyewe. Ndani ya lori la Kotobe kuna mwanamke. Amefungwa kamba kwa sababu anapigana. Alikuwa akizurura kwenye makorongo ng'ambo ya mto, hana akili, hana jina wala ndugu. Wewe umevaa kanzu nyeupe na kazi yako ni kuwapokea watu wa namna hii na kuwaombea mpaka wapone. Mpokee. Nakuomba uwe wewe hasa, si mwingine hapo kambini.

Mwandiko umepinda kwa kuwa mkono wa kushoto, ndio wangu wa kuandikia, umefungwa kitambaa. Nilijikata nikitengeneza uzio.

Nduguyo,
Lahivelo

*

Kambini, 2 Mei 1988

Mdogo wangu Lahivelo,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mwambie Mama jicho hilo moja alioshe kwa maji ya chumvi, na aache kumwonea Baovola. Nimemlilia mjomba Relaha. Ndiye aliyenifundisha kukama, na aliponicheka nilimrushia maziwa usoni.

Mgonjwa wako nimempokea. Alifika siku ya Alhamisi, basi tunamwita Kamisi kama tunavyowaita watoto waliozaliwa siku hiyo. Analala chumbani mwangu na anakula chungu kimoja na mimi, ndiyo sheria yetu. Nikwambie alichofanya katika majuma sita? Kanivunja vidole viwili. Kaning'ata sikio, ncha ikabaki kinywani mwake akaitema kama ganda la karanga. Kila akila huchota kwanza matonge matatu ya wali, anayapanga kwenye jani la mgomba, na hayali. Mzee Ranaivo, mtumishi mwenzangu mwenye huruma kuliko sisi wote, alidhani ni uchafu akalifagia lile jani. Kamisi akachukua mchi wa kinu akampiga nao usoni. Mzee amepoteza jicho. Sasa yeye na Mama wangeweza kuazimana.

Na kuna jambo lingine. Asubuhi ng'ombe wa kambi wakishapita, Kamisi hupiga magoti njiani na kuzifuta nyayo zao kwa kiganja, moja baada ya nyingine, mpaka mlangoni petu. Ukimzuia anakukwarua macho. Wewe ni mtu wa kusoma nyayo, niambie mwanamke gani hufuta nyayo za ng'ombe?

Halafu nina neno na wewe. Kotobe alikunywa kidogo ulimi ukamlegea. Anasema ulipanda lori pamoja naye mpaka mlima wa mwisho, ukashuka, ukakaa kivulini ukimngoja arudi. Kutoka pale paa letu linaonekana. Miaka mitano hatujaonana, Lahivelo, ukakaa ukatazama paa langu ukageuka? Sheria ya hapa unaijua: anayemleta mgonjwa hukaa naye, humwosha na kumlisha mpaka apone. Kama huyu si ndugu yako, nitafutie ndugu zake waje.

Dada yako,
Soanirina

*

Andranomavo, 20 Juni 1988

Dada,

Furahi kwanza. Baovola amejifungua mtoto wa kike, mwenye sauti ya kumfukuza mwewe. Mama amempa jina lako. Anasema labda huyu atakaa nyumbani, asikimbilie wazimu wa watu wengine. Ulijua atasema hivyo.

Mzee Ranaivo nimemsikitikia sana. Nimemtumia tumbaku. Kwenye kifurushi hichohicho kuna kitenge cha kumpa yule mwanamke, kizuri, si cha mitumba. Mpe wewe, usiseme kimetoka kwa nani.

Huku bado hakujatulia. Juma lililopita wezi wameua watu watatu kijiji cha jirani, mmoja wao wamemwacha na mkuki umesimama kinywani. Tulimpata mwizi mmoja aliyevunjika mguu. Unajua sheria yetu: kila mwanaume hupiga pigo lake, ili asiwepo wa kusema mimi sikuhusika. Tulikuwa hamsini na mbili. Mimi nilikuwa wa arobaini na kitu, na hapakuwa tena na mtu wa kupigwa pale, lakini nilipiga. Wamenifanya mkuu wa wasoma nyayo. Baovola anasema usingizini nasaga meno.

Hayo ya kufuta nyayo ni wazimu tu, usiyatie maanani.

Dada, nasikia harufu ya uchovu katika barua yako. Kumbuka mtume alivyowaasa wale wa kale, wasichoke kutenda mema, maana mavuno yana wakati wake na huyapata asiyekata tamaa. Wewe ndiye uliyenifundisha maneno hayo nikiwa mdogo, tukipalilia mpunga wa baba na mgongo unaniuma nataka kukimbia. Ulisema, mpunga haumwulizi mkulima kama amechoka. Nami nakurudishia maneno yako. Mlishe, mwoshe, mwombee. Usimwache. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

Lahivelo

*

Kambini, 5 Septemba 1988

Lahivelo,

Mbusu mtoto aliyepewa jina langu. Usimfundishe maneno ya mtume. Akikua atayatumia kuwachapa watu, kama wewe.

Nitakueleza kilichotokea, halafu usiniandikie tena habari za mavuno.

Jumanne ya juma lililopita nilimpeleka Kamisi kisimani kuoga. Mchungaji wa kanisa hapa kambini alikuwa amesema tumfungue mnyororo mikono, abaki nao mguuni tu. Nikainama kuchota maji. Akauinua ule mnyororo akauzungusha shingoni mwangu na kuuvuta, goti lake likiwa mgongoni. Niliona maji yanakuwa meusi. Wanawake waliokuwa wakifua ndio walioniokoa, wakimpiga kwa magogo ya kufulia. Walipomtoa juu yangu, mimi nilisimama nikachukua gogo moja. Mdogo wangu, nilimpiga. Nilimpiga mabega, mbavu, nikampiga mdomoni meno mawili yakatoka, na yeye akiwa amelala chini hajitetei. Wale wanawake waliacha wakanitazama. Nilimpiga mpaka mkono ukachoka, na kama usingechoka ningeendelea.

Jioni ile nikamwekea chakula. Akapanga matonge yake matatu kwenye jani, mdomo ukitoka damu juu ya wali. Nikatoka nje nikaivua kanzu.

Nimeikunja kanzu yangu nyeupe nikaiweka mezani kwa mchungaji. Hakunigombeza. Alisema tu, kaa mpaka mwisho wa mwezi, ufikiri. Nimeshafikiri. Miaka kumi na moja ninaosha vinyesi vya watu na kupigwa ngumi, nasi kila mmoja tunayemponya, njia inatuletea wawili. Lori la Kotobe la mwisho wa mwezi linanileta nyumbani. Nitamlea mtoto wa Baovola na kugombana na Mama. Kamisi atapewa mwingine, au atarudishwa makorongoni alikotoka, mimi sijui. Bwana anisamehe, sijali.

Soanirina

*

Andranomavo, 24 Septemba 1988

Dada,

Naandika nimesimama, Kotobe amewasha injini.

Usije. Huku hakuna amani, kila njia ina watu wenye bunduki. Mama hajambo, mtoto hajambo, hakuna anayekuhitaji hapa kama unavyohitajika huko. Nakuomba kwa ziwa moja tulilonyonya, vaa kanzu yako. Nipige mimi kwa maneno uwezavyo, lakini usimtoe mikononi mwako. Ukimwacha wewe watampeleka njiani, na njiani wapo watakaommaliza. Zafisoa hana mtu mwingine aliyebaki.

Kila siku nakuombea. Siwezi kujiombea mimi, basi nguvu yote naiweka kwako.

Lahivelo

*

Kambini, 11 Novemba 1988

Lahivelo,

Mwezi wa tatu uliniandikia kwamba mwanamke huyu hana jina. Mwezi wa tisa ukaliandika.

Niliisoma barua yako nikiwa nimeketi juu ya mzigo wangu, nimeshafunga kamba, nangoja Kotobe ageuze lori. Niliisoma mara nne. Kisha nikaenda ndani, yeye akiwa anatwanga, nikasimama mbali na ule mchi nikasema: "Zafisoa."

Aliuweka mchi chini. Aliuweka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akageuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ana umri kama wangu. Kisha akaanza kusema, na alisema siku tatu. Lori likaondoka bila mimi.

Sasa ngoja nikusimulie wewe, ingawa unayajua. Alikuwa na mume jina lake Remena na wana wawili, Manjaka na Tsarafidy, na zizi la ng'ombe kumi na wawili huko Bemaso. Mvua kubwa ilinyesha mchana. Ilipokatika, wakaja wanaume wengi wakifuata nyayo, na nyayo ziliishia zizini kwao. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza sheria. Nyayo zikiishia kwako, uonyeshe zilikotokea au ujibu wewe. Remena alitoka akawaambia nyayo hizo ni za ng'ombe wake, wametoka malishoni sasa hivi, hesabuni. Aliyekuwa mbele, aliyezisoma, aliinama akapima kwa kiganja, akasema zimeishia hapa.

Remena walimpiga mkuki akiwa bado anaonyesha kwa kidole. Manjaka alikimbilia nyumbani, wakaitia nyumba moto, akatoka anawaka, wakamsukuma kwa mikuki arudi, akatoka tena. Tsarafidy walimfanyia ile sheria yenu ya kila mtu pigo lake. Zafisoa alikuwa na mundu wa kukatia mpunga. Alimrukia yule msoma nyayo akamkata mkono. Mkono wa kushoto. Wakamgonga kichwa kwa kitako cha bunduki, na alipozinduka palikuwa na majivu tu, na watu wake hawapo. Ndio maana alikuwa makorongoni. Alikuwa anawatafuta.

Uzio, eti.

Nilitaka kuja kukuua, Lahivelo. Hilo naliandika wazi kwa sababu wewe umefichaficha mpaka umeoza. Nimekaa siku nyingi na hamu hiyo ikiwa kifuani, mimi niliyempiga mwanamke huyu meno yakatoka, kwa ajili yako. Umenitupia dhambi yako niilishe wali, na kila nilipochoka ukanitumia maneno ya mtume.

Nimevaa kanzu tena. Usidhani ni wema. Nimeivaa kwa aibu, na asubuhi nyingine naivaa kwa hasira, na nimeona kwamba hata kwa hasira maji yanamwosha mtu.

Nimemwambia msoma nyayo yule ni mdogo wangu, na damu yako hajaidai. Anauliza jambo moja tu, asubuhi na jioni: wako wapi? Anajua mliwachukua ili wasilazwe kaburini kwa wazee wao, kama wanavyofanyiwa wezi. Anasema hawezi kula kabla hawajala, na hawawezi kula wakiwa hawana kwao. Niambie mlikowatupa.

Soanirina

*

Kambini, 8 Januari 1989

Lahivelo,

Mwaka mpya umeingia. Mzee Ranaivo anakusalimu, hajui lolote, anakushukuru kwa tumbaku.

Kotobe ananiambia alikukabidhi barua yangu mkononi, ukaisoma, ukaitia ndani ya kofia na kuivaa. Juma lililofuata alikukuta nayo kichwani bado. Majuma manane sasa.

Zafisoa hafungwi tena. Kila Alhamisi, lori likija, anakwenda langoni. Anamtazama Kotobe mikononi. Kotobe akitikisa kichwa, yeye anarudi kutwanga. Amenitengenezea vile vidole vyangu kwa kuvikanda na mafuta, vinakunja. Hajaniomba radhi, nami sijamwomba. Tunasaidiana kuota moto.

Mimi nimechoka kweli sasa. Lakini nangoja naye. Mficha maradhi kilio humuumbua, mdogo wangu, na kilio hiki kina miezi kumi na moja.

Soanirina

*

Andranomavo, 3 Februari 1989

Dada Soanirina,

Mama, Baovola na mtoto wanakusalimu. Mtoto amesimama jana, akaanguka, akacheka. Naanza na salamu kwa sababu sijui kuanza kwingine.

Ni mimi niliyesema zimeishia hapa. Nilisema hivyo nikiwa na shaka. Mvua ilikuwa imezifuta kingo, na kwato za ng'ombe wa Remena zilikuwa zimekanyaga juu ya nyingine. Msoma nyayo mwenye akili angengoja udongo ukauke. Lakini damu ya mjomba Relaha ilikuwa bado kwenye shuka langu na watu thelathini na tisa walikuwa nyuma yangu wakihema. Nikaona nikisema sijui, watasema naogopa. Siku kumi na moja baadaye ng'ombe wetu kumi na tisa wakapatikana mbali, upande wa machweo. Wezi walikuwa wamewapitisha kando ya zizi la Bemaso makusudi, kisha wakawaingiza mtoni. Njia hiyo ya kuwapoteza wafuatao hata watoto wa huku wanaijua. Mimi pia niliijua.

Baada ya hapo tuliapa. Mkuki ulitiwa ndani ya maji, kila mmoja akayanywa maji hayo: atakayesema mahali walipo, mkuki umrudie. Yule mwanamke alipoonekana makorongoni, Tsimanova, mkubwa wetu, alitaka tummalize. Nikasema mwenye wazimu hauawi, nikamfunga kamba mimi mwenyewe. Aliponitazama alinijua. Njia nzima kwenye lori alinitazama, mpaka nikashuka mlimani. Paa lako nililiona, ndiyo. Kuku wako mweusi alikuwa juu yake.

Nilikuandikia usichoke kwa sababu nilidhani wema wako ukimfikia, mimi nitapunguziwa. Nilikuwa navuna shambani kwako.

Juzi nilimsomea Mama barua zako zote. Hakulia. Alinigeuzia lile jicho moja, kisha akasema: "Nilizaa mwanaume, au nilizaa kiapo?"

Wako kwenye korongo la tatu chini ya Bemaso, chini ya mawe mekundu. Lakini kukwambia haitoshi, kwa maana hakuna atakayethubutu kuwatoa. Nitakwenda mwenyewe. Baovola anasuka mikeka mitatu. Analia huku anasuka, hajaacha kusuka. Tsimanova akinipata, basi. Umwambie mtoto nilimwona akisimama.

Lahivelo

*

Njiani, Ihosy, 27 Februari 1989

Dada,

Kotobe atakuandikia haya, mimi nasema tu. Mkono wangu wa kushoto haupo kazini.

Nilichimba siku mbili. Siku ya pili mchana Tsimanova akaja na watu sita. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama nimekunywa maji ya mkuki au sikunywa. Nikasema nilikunywa, na mkuki huu hapa, nirudishieni. Wakanipiga kwa mipini, wakanivunja mbavu, wakakanyaga ule mkono mpaka ukalia kama kuni. Mmoja akainua mkuki wa kuua. Wakati huo Mama akatokea juu ya korongo, Baovola akimshika mkono, mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kwa jicho moja. Akateleza kwa makalio mpaka chini, akaketi juu ya mawe mekundu kati yangu na wao, akamwambia Tsimanova: "Sheria yenu ni kila mtu pigo lake. Anza na mimi, kisha mtoto, halafu mkewe. Mkichoka mtuambie."

Alikaa hapo. Wale watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Tsimanova aliondoka wa mwisho, na aliniacha na neno lake la kiapo: nisikanyage Andranomavo tena maisha yangu. Mama akashika mifupa kwa mikono yake, akawapangusa udongo, akawavika wote watatu.

Kotobe anaogopa kuwapakia, abiria wake watashuka. Simlaumu. Nimewabeba mgongoni, siku nne sasa, kwa kamba kifuani juu ya mbavu hizi. Watu njiani wanaona mikeka wanavua kofia, hawaniulizi. Lori litanitangulia kwa siku tatu. Muulize Zafisoa kama nipite langoni, au niwaweke mlimani nigeuke. Atakalosema nitafanya. Kotobe atalitundika jibu kwenye mti pale mlima wa mwisho, nitaliona.

Dada, nimechoka, sijawahi kuchoka hivi. Nilikuwa sijui unasema nini ulipoandika neno hilo.

Lahivelo

*

Kambini, 2 Machi 1989

Mdogo wangu Lahivelo,

Wote hapa wanakusalimu. Mzee Ranaivo sasa anajua kila kitu. Alimaliza chai yake, halafu akasema tumbaku ile ilikuwa nzuri hata hivyo, na kwamba atakupokea mzigo langoni.

Barua yako nilimsomea Zafisoa mara mbili. Mara ya kwanza alisimama akaenda nje, akachukua mchi, akaupiga ule mpapai wangu mpaka ukaanguka. Nilimwacha. Mara ya pili alisikiliza ameketi, akanishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vyangu vilivyopona vikauma tena. Nilipofika pale Mama alipowavika, alinizuia, akataka nisome hapo peke yake mara ya tatu.

Hajakusamehe. Nilimuuliza, akasema hajafika huko, na huenda asifike. Lakini anasema upite langoni. Uvue kofia, na mikono yote miwili uitoe nje ya shuka, mzima na mbovu, aione. Utawaweka chini yeye akiwapo. Tukishawalaza mahali watakapongojea safari ya kaburini kwao, utakula chungu kimoja na sisi. Halafu utabaki. Andranomavo hupo tena, na sheria ya hapa hujawahi kuitimiza: wewe ndiye uliyemleta, utakaa naye, utamchotea maji na kumkatia kuni kwa mkono huo mmoja. Akikupiga, utapigwa. Nami nitakuwapo. Nimeifua kanzu.

Nilimuuliza kama kuna neno lake mwenyewe la kukuandikia. Ukoko wa wali ukaungua chunguni, nikamwaga maji juu yake.

Akasema: "Mwambie asichoke njiani. Manjaka wangu alikuwa mzito."

Dada yako,
Soanirina